Wagalla haijahesabiwa: maneno kwa vijana wa Eldas



Sitawachosha. Nina swali moja tu. Ni nani kati yenu vijana anayejua majina ya watu wa nyumbani kwao waliopelekwa Wagalla wasirudi? Sisemi idadi, nasema majina, pamoja na la baba na la babu.

Najua wengi hamjui. Si lawama. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, na waliokuwepo walinyamazishwa miaka mingi. Lakini leo nataka tuelewe kimya hicho kimetugharimu nini.

Tarehe 10 Februari 1984, kufuatia mapigano ya koo, askari walianza kuwakusanya wanaume wa Degodia. Walitolewa mjini Wajir, Griftu, hapa Eldas na kwenye maboma ya wafugaji, wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali ilisema ni operesheni ya kutafuta bunduki. Watu walivuliwa nguo, wakalazwa chini juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Kuna waliopigwa risasi, kuna waliouawa kwa kipigo, kuna waliokufa kwa kiu. Miili ikabebwa kwa malori na kutupwa porini. Annalena Tonelli, mama Mtaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alitoka kuwatafuta majeruhi na kuzika wafu. Aliishia kufukuzwa nchini. Marehemu Ahmed Khalif alisimama Bungeni mwaka huo huo akauliza. Hakupewa jibu la maana.

Sasa sikilizeni hesabu. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kuwa waliokufa ni 57. Manusura wengine wanasema 5,000. Kati ya 57 na 5,000 kuna maelfu ya watu, ndugu zangu. Mtu akiwauliza kwa nini mnataka uchunguzi huru, mwonyesheni pengo hilo tu. Mahali palipochunguzwa kwa haki, wafu huwa wanahesabiwa.

Wengine watasema, hiyo ilikuwa operesheni, si vita, kwa hivyo sheria za vita haziingii. Sawa, tuangalie. Kenya ilijiunga na Mikataba ya Geneva mwaka 1966. Mikataba hiyo ina kifungu kinachohusu mapigano ya ndani ya nchi, na kinasema mtu aliyeshikwa, asiye na silaha mkononi, haruhusiwi kuuawa wala kuteswa. Huku kwetu tuliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 hadi 1991. Je, Februari 1984 palikuwa na vita kwa maana ya sheria? Hilo ni swali la mchunguzi kujibu, tena mchunguzi asiye na upande. Lakini hata akisema haikuwa vita, serikali haijaponyoka. Kuua raia kwa mpango na kwa wingi ni jinai dhidi ya ubinadamu, hata wakati wa amani. Na Kenya ilijiunga tangu 1972 na mkataba unaosema jinai ya aina hiyo haifi kwa kupita miaka.

Kwa nini basi tusiende ICC? Kwa sababu mahakama ile haiwezi kugusa jambo lolote lililotendeka kabla ya Julai 2002. Kijana akiwaambia kwenye mitandao kwamba kesi ya Wagalla itapelekwa The Hague kesho, mwambieni polepole kwamba amekosea. Tusiwape wazee matumaini ya uongo.

Tulichopata ni Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Mwaka 2011 ilikuja Garissa na Wajir, na watu wakasema hadharani yale waliyokuwa wakinong'ona. Hilo tunashukuru. Lakini mwenyekiti wake, Balozi Bethuel Kiplagat, alikuwa mmoja wa maafisa waliofika Wajir kwa mkutano siku chache kabla ya operesheni. Yeye alikana kuhusika na mauaji, na simhukumu mimi. Ninachouliza ni kimoja: shahidi anaketi vipi kwenye kiti cha hakimu? Mambo hayo yaliifanya tume ipoteze muda mwingi ikizozana yenyewe.

Halafu kuna hili. Tume ilikuwa na makamishna watatu wa kutoka nje: Marekani, Zambia na Ethiopia. Ripoti ilipokuwa inakamilishwa mwaka 2013, ni hao watatu waliokataa kukubali sura ya ardhi, wakisema imebadilishwa kwa shinikizo kutoka juu. Maoni yao ya kupinga hayakuchapishwa ndani ya ripoti. Sisemi mgeni ni malaika. Nasema mtu asiyeogopa kunyimwa kazi au kupigiwa simu na mkubwa anaweza kusema hapana. Hiyo ndiyo maana ya uchunguzi huru wa kimataifa.

Ripoti ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Machi 2015 aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Miaka ikapita, wajane wa Wagalla wakabaki wanangoja.

Sasa tufanye nini? Angalieni jirani zetu wa Kongo. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya matukio 617 ya ukatili yaliyotokea kati ya 1993 na 2003. Mahakama maalum haikufuata. Lakini tukio baada ya tukio limeandikwa, mahali na wakati, na hakuna atakayeamka kesho aseme halikutokea. Wachunguzi wale walifika wakakuta watu wanaokumbuka na makaratasi yaliyohifadhiwa.

Wachunguzi wakija Eldas watakuta nini? Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1984 leo ni mzee wa zaidi ya miaka 60. Kila mwaka tunazika mashahidi.

Kwa hivyo naomba hivi. Mwende nyumbani, mkae na awowe, mkae na ayeeyo. Muombe ruhusa kwanza, akikataa muachie. Akikubali, andika: jina kamili la aliyechukuliwa, alichukuliwa wapi, lini, na nani aliona. Alichokiona kwa macho kiandike kando, alichosikia kiandike kando, usichanganye. Usiongeze hata mtu mmoja ili idadi ipendeze, maana uongo mmoja utachafua ukweli wote. Na majina hayo usiyatupe mtandaoni. Weka nakala mbili mahali salama mpaka yapatikane mikono ya kuaminika. Wala jambo hili lisigeuzwe silaha dhidi ya ukoo jirani. Deni letu liko kwa serikali, na wenzetu wa Garissa wa 1980 na wa Malka Mari wa 1981 wanadai deni hilo hilo.

Kudai uchunguzi ni haki yetu, na tutaendelea kudai. Ila siku mlango ukifunguliwa tusikutwe mikono mitupu.

Allah awarehemu waliotangulia na awape subira waliobaki. Wassalamu alaykum warahmatullah.