Mawe Mawili Mfukoni: Mpiga Kura na Mwanamke Aombaye Uongozi wa Juu





Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Mungu anawakataza watu wake kutembea na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja zito na jingine jepesi. Mfanyabiashara wa namna hiyo twamfahamu. Akinunua mbata kwa mkulima hutoa jiwe zito. Akiuza unga hutoa lile jepesi. Mizani ni ile ile na mkono ni ule ule. Udanganyifu umo katika jiwe. Leo tunataka kutazama jinsi sisi wapiga kura tunavyompima mwanamke aombaye ubunge au urais kwa jiwe ambalo hatumpimii mwanamume.

Tuanze na maneno tunayoyasikia wakati wa kampeni, huku Pangani, Muheza, Korogwe na mjini Tanga. Mwanamke akijitokeza, swali la kwanza si juu ya maji wala bei ya mkonge. Huulizwa: mumewe amemruhusu? Nani atakayebaki na watoto? Ikiwa hana mume, husemwa kwamba aliyeshindwa kuweka nyumba hawezi kuweka jimbo. Ikiwa anaye, husemwa kwamba ameikimbia nyumba yake. Akigombea alikozaliwa, wazee humwambia, "Wewe umekwisha kuolewa, si wetu tena." Akigombea alikoolewa, huambiwa, "Wewe ni wa kuja." Basi mwanamke huyu ni wa wapi? Akirudi usiku kutoka mkutanoni pamoja na wanaume wa kamati yake, kesho jina lake limekwisha kuchafuliwa kisimani na sokoni. Mwanamume aliyekuwa katika gari lile lile hakuna anayemtaja.

Maswali yenyewe si dhambi. Kiongozi asiyejali watoto wake ana kasoro kweli. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kusimama katika mkutano akamwuliza mgombea mwanamume ni nani anayebaki na watoto wake?

Tutazame sasa kumbukumbu ya nchi. Mwaka 2005 Anna Senkoro aligombea urais wa Jamhuri ya Muungano kwa tiketi ya PPT-Maendeleo, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, naye hakupata hata nusu ya asilimia moja ya kura. Mwaka 2015 Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo naye hakufikia asilimia moja. Ni haki kusema kwamba vyama vyao vilikuwa vidogo, na hata wanaume wa vyama vidogo hupata kura chache. Tusimlaumu mpiga kura kwa kila jambo. Lakini Julai ya mwaka huo huo wa 2015, Mkutano Mkuu wa CCM mjini Dodoma ulipewa majina matatu ya mwisho, na mawili yalikuwa ya wanawake: Balozi Amina Salum Ali na Dkt. Asha-Rose Migiro, aliyewahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. John Magufuli alipata zaidi ya kura nane katika kila kumi. Hatudai kwamba waliompigia walikosea. Tunauliza tu: kama mmoja wa wanawake wale angekuwa mwanamume mwenye wasifu ule ule, je, hesabu ingekuwa ile ile?

Majimboni hali ni hiyo hiyo. Kati ya wabunge 264 wa majimbo waliochaguliwa mwaka 2020, wanawake walikuwa takriban mmoja kwa kila kumi. Wengi walioingia bungeni, 113, waliingia kwa Viti Maalumu. Viti hivyo vilianzishwa kwa nia njema, lakini vimezaa kisingizio. Mwanamke akija kuomba jimbo huambiwa, "Ninyi mnavyo viti vyenu, tuachieni hivi." Ngazi aliyowekewa apandie imegeuzwa uzio. Mkoa wetu umeonyesha kwamba uzio huo unarukika: Korogwe Mjini ilimchagua Mary Chatanda mwaka 2015, na Tanga Mjini ilimchagua Ummy Mwalimu mwaka 2020, na wote wawili walikuwa wamewahi kuketi katika Viti Maalumu.

Kisha ukaja mwezi Machi 2021. Rais Magufuli alifariki, na kwa mujibu wa Katiba, ibara ya 37, Makamu wake Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19. Siku tatu baadaye, katika maombolezo ya kitaifa Dodoma, ilimbidi aseme wazi kwa wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Yafaa tutafakari jambo hilo. Hakuna Rais mwanamume wa nchi hii aliyewahi kulazimika kuyaeleza maumbile yake mbele ya jeneza la mtangulizi wake.

Tangu hapo jina likawa "Mama". Katika Kiswahili chetu ni jina la heshima, nasi hatuna ugomvi nalo. Lakini ofisi ya Rais si ya mama wala ya baba. Anayeitwa mama hutazamiwa kusamehe, kubembeleza na kugawa. Akikaza, watu hushangaa kana kwamba amewavunjia ahadi. Na kwa upande mwingine, anayemhoji huambiwa kwamba hana adabu kwa mama yake. Hapo jiwe jepesi limetoka mfukoni. Mwananchi anayo haki ya kumhoji Rais juu ya kodi, mikataba na uhuru wa watu, awe mwanamke au mwanamume.

Tukifika hapo hatuwezi kuupita uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025. Mwanamke aligombea kwa chama tawala na akatangazwa mshindi kwa kura nyingi mno. Je, wapiga kura walikuwa wamemkubali mwanamke? Uchaguzi ule hauwezi kutujibu. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo, mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, na siku ile na zilizofuata damu ya Watanzania ilimwagika. Waliopoteza watoto na ndugu wanastahili kuambiwa ukweli na kutendewa haki, nasi hatutachoka kulisema hilo. Lakini barazani, na hata nje ya milango ya makanisa yetu baada ya Misa, tumesikia neno jingine: "Hayo ndiyo matunda ya kutawaliwa na mwanamke."

Ndugu zetu, neno hilo ni dhuluma juu ya dhuluma. Uganda ilitawaliwa na Idi Amin, Zaire na Mobutu, Afrika ya Kati na Bokassa. Ni nani aliyewahi kusema kwamba hayo yalikuwa matunda ya kutawaliwa na mwanamume? Mwanamume akitenda uovu twalitaja jina lake. Mwanamke akituhumiwa twalitaja jinsi yake, na mzigo wa mmoja tunawatwika wote, hata binti aliye darasa la sita pale Ngamiani ambaye hajatenda lolote. Aliye mtawala na ajibu kwa matendo ya utawala wake. Tena wenye kusema hivyo wanawapunguzia wahusika wengine mzigo, kwa maana vyombo vya nchi huongozwa na watu wengi, na wengi wao ni wanaume.

Lipo swali ambalo wanajumuiya hutuuliza sisi mapadre kwa sauti ya chini: "Baba, ikiwa Kanisa halimpi mwanamke upadre, kwa nini sisi tumpe urais?" Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kukunja uso. Upadre ni sakramenti, nalo Kanisa linasema halina mamlaka ya kuibadili kuhusu hilo. Yohane Paulo wa Pili aliandika hivyo mwaka 1994. Urais si sakramenti. Ni kazi ya raia, waliyopewa na raia wenzao kwa muda. Papa yule yule, mwaka 1995, aliwaandikia barua wanawake wa dunia nzima akiwashukuru wale walio katika siasa na uchumi, na akikiri jinsi walivyozuiwa na kudharauliwa katika historia. Kabla yake, mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umefundisha kwamba ubaguzi katika haki za msingi kwa sababu ya jinsi ni kinyume cha mpango wa Mungu. Mwenye kuutumia upadre ili kumnyima mwanamke kura anachanganya altare na sanduku la kura.

Na Maandiko? Waamuzi, sura ya nne, yanamwonyesha Debora akiketi chini ya mtende, watu wakimpandia ili awaamulie mashauri yao. Alikuwa na mume, Lapidothi, na hatusomi popote kwamba watu walimwuliza kama mumewe amemruhusu. Jemadari Baraki alikataa kwenda vitani asipofuatana naye.

Wengine husema kwamba kikwazo ni dini ya majirani zetu. Tusijifiche nyuma ya jirani. Pakistani, nchi ya Waislamu, ilipata waziri mkuu mwanamke, Benazir Bhutto, mwaka 1988. Wala tusijifiche nyuma ya mila za pwani. Unguja, ng'ambo ya bahari yetu, ilikuwa chini ya Malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alipotaka kuandika maisha ya mtu mwenye kustahili kukumbukwa, alimwandika Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyetoka katika ufinyanzi na umaskini. Na sauti ya Shakila wa Pangani, aliyeimba hapa mjini na Black Star, wazee wetu waliisikiliza hadi usiku wa manane bila kuuliza kama ni ya mwanamke. Jukwaani tuliikubali, barazani twaona haya.

Husemwa pia kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke, maana sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wanawake asilimia 51, na bado hawachaguani. Lakini mwanamke halazimiki kumchagua mwanamke, kama vile mwanamume asivyolaumiwa kwa kutomchagua mwanamume. Na mafundisho aliyoyapata ni yale yale tuliyoyapata sote, nyumbani na kanisani. Hebu tuhesabu. Katika jumuiya zetu nyingi, wanaofika kusali kila wiki ni akina mama. Wanaofagia kanisa ni akina mama. Mwenyekiti ni nani? Mtoto anayekua akiona hayo hahitaji kufundishwa barazani.

Limebaki jambo moja zito, ambalo wengi hulinyamazia. Wapo wanawake ambao hawafiki hata kwenye kura za maoni kwa sababu mwenye kushika njia amewadai miili yao. Hiyo ni rushwa, nayo imetajwa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Aliyepatwa na jambo hilo asidhani kwamba ni aibu yake. Aje kwa viongozi wa Haki na Amani wa parokia yake, au atume mtu anayemwamini. Atasikilizwa faraghani, na jina lake halitatajwa mahali popote asipotaka mwenyewe.