Mafunzo ya Kazini kwa Vijana Wanaosomea Dawa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya vijana wetu wanaosomea kazi ya dawa, na hasa juu ya ile miezi wanayopelekwa hospitali na katika maduka ya dawa wakajifunze kwa mikono yao. Twashukuru kupewa nafasi hii.

Wazee watakumbuka kwamba zamani kazi hii haikuwa na milango mingi. Sheria ya Famasia na Sumu ilianza mwaka 1957, na aliyetaka shahada ya ufamasia hakuwa na budi kwenda ng'ambo, mpaka Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuifundisha mwaka 1974. Leo elimu ya tiba imetufikia mlangoni: chuo cha KMTC kina tawi hapa Nakuru, na Kabarak nako si mbali. Mwanafunzi wa diploma husoma miaka mitatu. Wa shahada husoma mitano, kisha hutumika mwaka mzima chini ya uangalizi kabla ya kuachiwa afanye kazi peke yake.

Wako wanaouliza: ikiwa kijana amefaulu mitihani, ya nini tena kumsimamisha dirishani akihesabu vidonge? Twajibu kwa mfano mmoja. Dawa ya malaria iitwayo AL humezwa mara sita katika siku tatu, pamoja na chakula, na kipimo cha pili hufuata cha kwanza baada ya muda wa saa nane. Kitabuni jambo hili ni jepesi. Lakini kijana akimwambia mama aliyetoka Marigat, "Meza tena saa nane," mama huyo ataitazama saa yake, na ikifika saa nane mchana atameza. Ikiwa alimeza cha kwanza saa tatu asubuhi, cha pili kilipaswa kungoja mpaka saa kumi na moja jioni. Kiswahili chetu kina saa za kuhesabu muda na saa za kusoma ukutani, na hakuna mtihani wa darasani unaomfundisha kijana kuzitenganisha mbele ya mgonjwa mwenye homa. Hufundishwa na mkubwa wake aliyesimama kando, anayemwambia: mwulize mama akurudishie maneno yako.

Ndivyo ilivyo kwa mambo mengine. Dawa ya unga ya mtoto huchanganywa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa, na hupimwa kwa kijiko chake, si kwa kijiko cha chai. Insulini hukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, wala haifai kuganda. Dawa itakayokwisha muda mapema hutangulia kutoka bohari, hata kama ililetwa nyuma ya nyingine. Mkono ndio unaozoea mambo haya.

Sasa twaja kwenye lililo zito. Tumesikia habari ya kijana aliyepelekwa katika duka moja la dawa, ambalo hatulitaji, akapiga deki na kubeba makasha kwa wiki nyingi, na mwisho daftari lake likatiwa sahihi kana kwamba amefundishwa kila kitu. Sahihi ile haikumdhulumu yeye tu. Siku moja atasimama dirishani, na mgonjwa atakuwa mmoja wetu.

Tena mwanafunzi hapati mshahara. Aliyepangiwa Naivasha, Gilgil au Molo, na kwao ni Subukia, hutafuta chumba, nauli na chakula kwa fedha za mzazi aliyekwisha kulipa karo. Hata waliomaliza hawakupata wepesi. Mgomo wa madaktari wa Machi hadi Mei 2024, ambao wafamasia walikuwamo, ulihusu pia kucheleweshwa na malipo ya wale wanaotumika mwaka wa mazoezi. Shauri hilo ni la Serikali na vyama vya wafanyakazi. Sisi tutazame lililo ndani ya uwezo wetu.

Kwa hiyo Kamati yaleta mbele yenu mambo mawili. La kwanza, mwanachama mwenye chumba karibu na hospitali yoyote kati ya hizo, au karibu na hospitali kuu ya hapa Nakuru ambayo wengi wetu bado huiita PGH, amkaribishe kijana mmoja kwa muda wa mazoezi yake, na Chama kichangie chakula. La pili, kabla kijana wa Chama hajaripoti dukani, wazee wawili wafuatane naye, wamwombe mwenye duka awaonyeshe mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, ambaye atamsimamia. Wakikosa kuonyeshwa mtu, wamrudishe kijana chuoni akatafutiwe pengine.

Majina ya walio tayari kutoa vyumba yaandikwe kwa karani leo hii kabla ya chai, kwani Mweka Hazina ataka kujua hesabu yake mapema.