Kuuliza na Kupima Kabla ya Kutoa Dawa

(Mazungumzo ya wauguzi mbele ya kamati za sharika, Singida)



Ndugu wajumbe wa kamati za sharika na wahisani wetu, tumeombwa tuwaeleze kazi yetu. Wengi hudhani muuguzi ni mtu wa kuchoma sindano tu. La hasha. Kazi yetu huanza kwa kumsikiliza mgonjwa, kisha kumpima joto, mapigo ya moyo, upumuaji, shinikizo la damu na uzito.

Uzito si jambo dogo. Tangu mwaka 2006 nchi yetu imeweka dawa ya mseto, ALu, kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila mara. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2. Ni dozi 6 kwa siku 3, pamoja na chakula. Mizani ikiharibika tunakisia, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Kabla ya kutoa dawa tunahakiki mambo matano: mgonjwa, dawa, kiasi, njia na wakati. Lakini hayo hayatoshi kama hatuelewani.

Tunakiri kosa letu. Katika zahanati moja tulimpa mama dawa ya mtoto, tukamwuliza, "Umeelewa?" Akaitikia kwa heshima. Homa ilipopoa, akaweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Siku chache baadaye yule wa kwanza akarudishwa akiwa hoi. Tunamshukuru Mungu alipona. Mama hakukosea, Kiswahili chetu hakikumfikia. Siku hizi tunasema, "Mama, hebu tueleze utakavyompa nyumbani."

Mkoa wetu una Wanyaturu, Wanyiramba, Wasukuma, Wadatoga na Wahadzabe, na wauguzi wengi wametoka mbali. Pengine mkalimani ni baba mkwe. Mama atatajaje maradhi ya kike mbele yake? Wengine wameanza na mitishamba. Tukiwakaripia watatuficha, nasi tutatoa dawa bila kujua walichokunywa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kila usharika uteue mama mwaminifu, anayejua lugha ya wenyeji na kutunza siri, atusaidie kutafsiri. Nanyi wahisani, mnapotujengea zahanati, kumbukeni na mizani ndani yake.