Fundi Anayesoma Mchoro

Msikilizaji, ukipita Kariobangi Light Industries siku ya kazi, utasikia nyundo na mashine za kuchomelea kabla hujamwona mtu. Vijana wa pale wana mikono ya ajabu. Waonyeshe lango, watakutengenezea jingine kama hilo. Wape karatasi yenye mchoro, na wengi watamwita mtu aje kuisoma. Huyo anayeitwa ndiye ninayetaka kumzungumzia leo.

Mara nyingi ni mtu aliyesomea uchoraji wa kiufundi. Alikaa mbele ya ubao na rula ya T, akachora kitu kimoja mara tatu: kinavyoonekana mbele, ubavuni na juu. Ni kazi ya kuchosha. Mstari ukipotoka milimita moja, mwalimu anarudisha karatasi. Lakini hapo ndipo alipojifunza kukiona kitu kizima akilini kabla chuma hakijakatwa, na kukadiria vifaa kabla pesa za mteja hazijatumika.

Faida hiyo haijitokezi mapema. Mwaka wa kwanza, aliyejifunza kwa kutazama tu huenda akamshinda kwa kasi, hata kwa malipo. Tofauti huja baadaye, mkandarasi anapotafuta msimamizi, au fundi anapokwenda NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kufanya mtihani wa kupanda kutoka Gredi ya Tatu kuelekea ya Kwanza. Ilipokuja AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, aliyejua kuchora kwa mkono alijifunza programu tu. Kuchora alikujua tayari. Ndiyo maana naona vyuo vinavyomkalisha mwanafunzi kwenye kompyuta kabla hajashika penseli vinamnyima msingi.

Na kwetu Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kusoma mchoro kuna uzito wake. Mradi wa makazi wa Dandora, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, uliwapa watu ploti zenye choo, bafu na maji. Vyumba wakajijengea, wengi wakiwategemea mafundi wa mtaani. Sehemu kubwa ya mtaa iliinuka kwa mikono ya mafundi hao. Kisha tukumbuke mtaa wa Huruma, tarehe 29 Aprili 2016: jengo la ghorofa sita liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Sisemi mchoro pekee ungewaokoa. Nasema fundi anayesoma mchoro huona nondo zilizopungua, na ana la kumwambia mwenye jengo.

Kaunti ya Nairobi, vyuo vya ufundi stadi viko mikononi mwenu tangu ugatuzi uanze 2013. Wekeni mwalimu wa uchoraji katika kila kozi ya uashi, useremala na uchomeleaji. Nawe mzazi wa Kayole, Umoja au Mathare, mwanao akikuomba pesa za rula na karatasi za kuchorea, mpe.