Bustani ya Karani na Mbolea Isiyonunuliwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imenitaka niseme habari za kulima bustani pasipo dawa za dukani wala mbolea ya chumvichumvi. Nimekubali, lakini kabla ya kufundisha neno lolote sharti niungame jambo moja, kwa kuwa baadhi ya wale niliowakosea wameketi hapa mbele yangu.

Kwa misimu mitatu nalilima mchicha na nyanya nyuma ya nyumba yangu, na wengi wenu mlikuwa mkinunua mafungu kwangu siku ya Ijumaa. Wadudu walipozidi nalinyunyiza dawa. Karatasi iliyobandikwa chupani ilieleza wazi ya kuwa baada ya kunyunyiza ni lazima zipite siku 14 ndipo mboga zichumwe. Mimi, ambaye kazi yangu kutwa ni kusoma karatasi za watu na kuzirudisha zikiwa na kosa, hiyo sikuisoma. Nikinyunyiza Jumanne, nikichuma Ijumaa. Siku moja nikaona mke wangu ametenga tuta moja karibu na jiko, wala hataki liguswe na bomba langu. Nikamwuliza sababu. Akanijibu, “Hili ni la watoto.” Hakuongeza neno. Ndipo nilipotambua ya kuwa nawauzia wenzangu kitu ambacho nyumbani mwangu hakiliwi. Nawaomba radhi.

Basi nikaanza kutafuta kwa nini wadudu walikuwa wengi hivyo. Mbolea ya chumvichumvi si sumu, wala sitaki kuisingizia. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha njia ya kuunda amonia kwa naitrojeni iliyomo hewani. Mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi, na hata leo mamilioni ya watu hula kwa sababu ya ugunduzi huo. Walakini mbolea hiyo hulisha mmea, hailishi udongo. Tena mmea uliopewa naitrojeni kupita kiasi hutoa majani laini yenye maji mengi, nao vidukari huyapenda mno majani ya namna hiyo. Mimi nalikuwa nikimwaga kwa kopo, bila kupima. Kwa hiyo kwa mkono mmoja naliwaalika wadudu, na kwa mkono wa pili nikawanyunyizia sumu.

Aliyeeneza sana habari za mboji katika karne iliyopita ni Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore, Bara Hindi, tangu 1924 hata 1931. Hakuficha ya kuwa alijifunza mengi kwa wakulima wa nchi zile. Katika miaka ya 1930 baadhi ya mashamba ya kahawa ya Kenya yakaifuata njia yake. Lakini sisi hatuna haja ya kuvuka bahari. Wakara wa kisiwa cha Ukara, katika ziwa Victoria, tangu zamani hufuga ng’ombe ndani, huwakatia majani, na samadi yao huichukua mashambani; tena hupanda marejea kati ya uwele, kisha huifukia ili irutubishe ardhi. Wachagga nao katika vihamba vyao hurudisha samadi ya zizini chini ya migomba. Wazee hao hawakungoja kitabu.

Namna ya kufanya lundo ni hii. Chagua mahali penye kivuli. Tandaza chini mabua makavu, unene wa sentimita 30 hivi, ili hewa ipite. Juu yake weka majani mabichi, kisha samadi, kisha majivu kidogo na udongo wa juu. Nyunyiza maji, uanze tena mpaka lundo lifike kimo cha kifua. Karatasi chakavu zilizochanwa zafaa pia badala ya mabua (zile za siri zina utaratibu wake, msije mkanitaja). Choma ufito mrefu katikati. Baada ya siku chache uvute na kuushika: ukiwa wa moto na unyevu, kazi inakwenda, ukiwa mkavu, ongeza maji, ukitoa harufu mbaya, maji yamezidi na hewa imekosekana. Lundo jema hufikia joto la digrii 60, ambalo huua mbegu nyingi za magugu. Ligeuze baada ya majuma matatu, kisha mara ya pili. Kwa muda wa miezi mitatu hivi mboji huwa nyeusi, yanukia kama msitu baada ya mvua. Samadi mbichi msiitie shinani; huunguza mizizi.

Kwa wadudu natumia mwarobaini: gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, zilale usiku kucha, zichujwe, kisha sabuni kidogo. Nanyunyiza jioni, maana jua huvunja nguvu yake. Haiui papo hapo. Humzuia mdudu asile wala asijivue gamba akakua. Wengine watawaambia mtumie utupa. Utupa waua wadudu kweli, lakini ndio ule ule wavuvi waliolevyea samaki. Msiukaribishe penye kijito. Kitu kuota porini si hati ya usalama, kama vile kitu kusifiwa si hati pia: Paul Müller alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa ajili ya DDT, na kwa mapatano ya Stockholm ya 2001 dawa hiyo ikakatazwa katika kilimo.

Sitawaficha hasara. Msimu wa kwanza nyanya zangu zilikuwa ndogo, na vidukari wakalimaliza tuta zima la kabichi huku nikitazama. Mapato ya Ijumaa yalipungua karibu nusu. Msimu wa pili bibi-arusi, wale wadudu wekundu wenye madoa meusi ambao chakula chao ni vidukari, walirudi wenyewe, kwa kuwa dawa iliyokuwa ikiwaua pamoja na wabaya haikuwapo tena.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, nitaligeuza lundo langu. Atakaye kuona na aje, ila achukue jembe lake. Nyumbani liko moja tu, na mke wangu analitumia katika tuta lile la karibu na jiko.