Zilikwenda Kuangalia Nini? Ngomeni na Uhandisi wa Vihisi



Kila yanapotajwa mambo ya anga, husikika hoja moja: utajiri wa pwani hii ya Malindi na Kilifi ni ikweta, na Kenya ikijenga kituo cha kurushia roketi mengine yatakuja yenyewe. Historia ya jukwaa la San Marco, lililorushia roketi hapa Ngomeni, mnaijua, sitairudia. Nataka kuikabili hoja hiyo, maana imewapotosha vijana wetu wengi.

Wenye hoja hutaja mwendo wa bure ambao mzunguko wa dunia huipa roketi kwenye ikweta, karibu mita 465 kwa sekunde. Ni kweli. Lakini itazameni Uhuru, setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani iliyorushwa Ngomeni tarehe 12 Disemba 1970. Mwendo huo uliisaidia kupaa, haukuisaidia kuona. Juu ya Atlantiki ya Kusini kuna eneo ambako chembe zenye chaji hushuka karibu na dunia, na kihisi cha eksirei kikipita humo hufurikwa na kelele. Njia ya kuambaa ikweta iliiepusha Uhuru na sehemu kubwa ya balaa hilo. Kwa hiyo hata ikweta yenyewe, thamani yake kubwa ilikuwa kwa kihisi. Roketi ya Scout ilimaliza kazi yake kwa dakika chache. Vihisi vilitumika hadi Machi 1973.

Na vihisi vyenyewe! Niruhusuni nivieleze. Vilikuwa seti mbili za visanduku vya gesi, zimepeana mgongo, kila moja ikiwa na eneo la kupokea la takriban sentimita za mraba 840. Eksirei ikipenya dirisha jembamba, hung'oa elektroni kwenye atomu ya gesi. Waya wenye volti kubwa huzivuta, na mpigo mmoja wa umeme huhesabiwa. Uoni wa seti moja ulibanwa hadi nusu nyuzi kwa nyuzi tano, wa seti ya pili tano kwa tano, huku setilaiti ikijizungusha polepole kuipekua mbingu. Hivyo ndivyo chanzo cha eksirei kiitwacho Centaurus X-3 kilivyoonekana kikidunda kila sekunde 4.8, na orodha ya vyanzo ikafika 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Nobel mwaka 2002.

Meneja wa mradi wa Uhuru alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi aliyeanza na sauti za chini ya bahari katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, akaingia setilaiti za hali ya hewa za TIROS, kisha eksirei. Katika hatua zote hizo, kazi yake ilikuwa ufundi wa kuhisi.

Nikiwa mwanafunzi, mvuvi mmoja wa Ngomeni aliniuliza: "Mwanangu, roketi tuliziona zikipaa. Zilikwenda kuangalia nini?" Darasani sikuwahi kuulizwa swali zito kama hilo.

Sikatai kwamba kituo kitaleta ajira na barabara. Lakini setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa California tarehe 15 Aprili 2023, na kamera yake haikupungukiwa na chochote. Ugumu uko kwenye kihisi: wanafunzi wangu hupima tope la Mto Sabaki kwa taa ndogo na diodi inayopokea mwanga uliotawanywa na chembe za udongo. Jua likipenya kidogo tu, namba zinaruka. Ikabidi tuvike kifaa bomba jeusi. Chuo hiki kiwape kwanza chumba cha giza na taa sanifu za kuhakikishia vipimo. Jukwaa la roketi lisubiri.