Ugonjwa Hauulizi Kabila

Baba na mama wa Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, nanyi mliokimbia vijiji vyenu kwa ajili ya vita, mkapokelewa na ndugu hapa mjini. Leo tunazungumza juu ya magonjwa yanayokuja kwa pamoja, na namna yanavyoweza kuvunja amani.

Kumbukeni mwaka 2019. Kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu walikuwa wakipigana na Ebola tangu Agosti 2018, na dunia nzima ilitazama huko. Wakati uleule surua ilitembea katika majimbo yote ya nchi yetu. Machi 2020 korona nayo ikaingia Kinshasa. Waganga hawakutosha, magari hayakutosha. Mama wengi waliogopa kwenda hospitali, na watoto wakakosa chanjo. Ebola ile ilipoisha Juni 2020, ilikuwa imeua watu karibu 2,300. Surua ilikuwa imeua zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wadogo. Na surua ina chanjo!

Tena kulikuwa na uvumi. Februari 2019, vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili 19, muganga Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kutusaidia, aliuawa ndani ya hospitali kule Butembo. Kila mara kazi iliposimama, ugonjwa uliendelea kutembea.

Ndugu zangu, hapa kwetu uvumi unaweza kuanza kwa neno moja: "Wageni ndio waliotuletea." Aliyesingiziwa anamficha mgonjwa wake. Mtoto aliyefichwa anaambukiza wenzake, maana surua inapita katika hewa. Haichagui mtoto wa Mitwaba wala mtoto wa Lubumbashi. Inamtafuta yule asiyepata chanjo.

Ninyi wakubwa wa mitaa, andikeni watoto wa waliokimbia katika orodha moja na watoto wa wenyeji. Siku ya chanjo, watangulizeni ninyi wenyewe, na mtu asiulizwe kabila lake mlangoni. Mkisikia uvumi, mwiteni muuguzi aje aueleze mbele ya watu wote.

Nanyi mliokimbia, msijifiche. Kama kadi ya mtoto ilipotea njiani, semeni hivyo. Kuchanjwa surua mara nyingine hakumdhuru. Mtoto akipata homa, kikohozi, macho mekundu na vipele, mpelekeni upesi kituo cha afya. Tangu mpox ilipoenea sana nchini mwaka 2024, vipele vinatisha watu wengi. Jirani asitoe hukumu kwa macho. Mwacheni muuguzi apime.

Kumpeleka mtoto wa jirani kupata chanjo ni kumlinda na wako. Hiyo nayo ni kazi ya amani, na inaweza kuanza kesho asubuhi.

Mubaki na amani.